Video ya Limi Iliyogoma Kucheza

Jumapili, 9 Juni

Naanza daftari hili leo, mimi Makoye, mkazi wa jirani na Mhunze, kwa sababu majirani nikiwasimulia mambo yangu wanacheka kabla sijamaliza. Karatasi haicheki. Nimesoma hadi darasa la tano, lakini lile darasa la tano la zamani: mwalimu anakuuliza mito ya Afrika huku ameshika fimbo, na ukikosa mto unautoa wewe mwenyewe machoni.

Pamba imeanza kujaa sebuleni kwa dada yangu Scolastika, ambaye naishi naye. Viti tumevitoa nje, kuku wamevikalia.

Jumatatu, 10 Juni

Tumechuma. Nimewapita vijana wote, ingawa mizani ilisema vingine.

Ijumaa, 14 Juni

Leo umefika mzigo kutoka Geita, umefungwa kwenye khanga. Ndani mna laptopu iliyotumika, chaja yake, na flashi ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Vimetoka kwa Limi, mtoto pekee wa dada. Barua ameniandikia mimi. Nainakili hapa isije ikapotea:

"Shikamoo Mjomba. Huu mwaka wa tatu Mama hapokei simu yangu. Nimeomba ruhusa kazini nikarekodiwa video, ili aone kwa macho yake kazi ninayofanya. Simu yako ni ya tochi na macho ya Mama yanataka picha kubwa, ndiyo maana nimetuma laptopu. Tarehe 12 Agosti nasafiri, kampuni inanipeleka Ghana miaka miwili. Mama akiangalia akasema njoo, nitakuja kumuaga. Asiposema, nitaondoka hivyo hivyo na sitamsumbua tena. Mjomba, tafadhali, usimsimulie. Mwonyeshe tu."

Usimsimulie! Mimi, ambaye nikisimulia msiba hata marehemu anataka kujua mwisho wake!

Nilipomsomea dada, alikuwa anachambua pamba. Hakuinua kichwa.

"Nitaangalia mara moja," akasema. "Mara moja tu, Makoye. Nikiona uchafu, hiyo mashine utaitafuna."

"Dada, laptopu kwangu ni kama jembe. Nilipokuwa mlinzi kule Geita, wazungu walikuwa wananiita ofisini, 'Makoye, njoo, hii imetushinda.'"

"Walikuita ukafungue geti," akasema.

Jumamosi, 15 Juni

Siku mbaya. Naiandika yote.

Meza yetu iko nje na imevunjika mguu, basi nikasawazisha kilele cha lundo la pamba, nikatandika khanga, nikailaza laptopu pale juu kama mtoto mchanga. Nikachomeka flashi. Dada akasimama mlangoni na kapu lake, kama mtu aliye tayari kuondoka.

Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi tii. Lakini sauti ikaja, sijui nilibonyeza wapi, ikaanzia katikati! Kwanza ngurumo kubwa, kama mziki wa disko unaousikia kutoka mtaa wa pili. Halafu wanaume, wengi, wanapiga kelele: "Rudi! Rudi nyuma! Hapo hapo, dada! Mwaga!" Kisha kicheko. Kicheko cha Limi, nakijua, kinaanza kwa kukoroma. Na mwanaume mmoja anasema, "Dada Limi, leo umetukomesha!"

Nikabonyeza kila kitufe chenye alama. Giza lile lile, na wanaume wale wale.

"Zima," dada akasema.

"Dada, hii ni hitilafu ndogo ya..."

"Giza. Wanaume. Kicheko. Kuna nini tena cha kuona? Zima, Makoye."

Nilipogeuka nikamwona jirani yetu Violeth kwenye kizingiti. Alikuja kuazima ungo, na amesikia kila kitu. Ungo ameuacha. Mtu anayeacha alichokuja kuazima ana mzigo mwingine wa kubeba, na kufikia jioni bomba zima la maji lilikuwa linajua kwamba Limi amemtumia mama yake sauti za baa.

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Nilimwambia dada kwamba mimi nimeshaiona video yote jana, ilicheza vizuri kabisa. Kwamba Limi ni bosi, ana ofisi ghorofa ya nne, kiti cha kuzunguka, na watu wawili wa kumpepea.

Dada akaniangalia. "Na wale wanaume wa gizani," akasema, "ndio wa kumpepea?"

Jumapili, 16 Juni

Dada amekwenda kanisani peke yake.

Jumatano, 19 Juni

Upepo. Pamba inaruka mpaka kwenye ugali.

Kuna jambo lazima niliandike. Miaka mitatu iliyopita Limi alipata barua ya kwenda kufundishwa kazi mgodini. Dada akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyefika Geita. Ukweli ni kwamba Geita nililinda uwanja wa kusagia mawe, miezi saba, na shimoni sijawahi kushuka. Niliwahi kuchungulia duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo, nikarudi nyuma. Lakini wachimbaji walikuwa wanasema kwamba mwanamke hashuki duarani, akishuka dhahabu inakimbia. Mimi nikaongeza chumvi yangu. Nikamwambia dada nimeona kwa macho yangu mkanda wa dhahabu mnene kama paja ukifutika ukutani, kisa mwanamke amepitisha kichwa tu.

Dada akauliza, "Basi kama hawashuki, wanawake wanakwenda mgodini kufanya nini?"

Nilicheka tu, kicheko cha kilabuni, naye akaelewa vibaya.

Limi aliondoka wiki ile ile, na mama yake hakumsindikiza hata hadi barabarani. Watu wakasema ni ukali wa dada. Nami nikawa nasema hivyo hivyo.

Jumatatu, 24 Juni

Nimekwenda Mhunze kwa Davis, mwenye kibanda cha kuonyesha sinema. Akasikiliza, akaiwasha, akatazama programu iliyomo.

"Anko," akasema, "kama sauti ipo na picha hakuna, faili halijafa. Hii programu ya kuchezea ndiyo ya zamani. Video za simu mpya zinabanwa kwa namna ambayo hii haiijui. Sauti inaweza kuifungua, picha inaishinda."

"Ndivyo nilivyodhani," nikasema.

"Ulidhani?"

"Nilidhani kabisa."

Akaiwekea programu nyingine, akaijaribu kwa sinema yake ya ngumi. Mtu akapigwa teke tukaliona na kulisikia. Akataka tujaribu na ya Limi, nikakataa, maana kibanda kilikuwa kimejaa wanaume wa kahawa na wa kwanza kuona anatakiwa awe mama yake. Davis akasema basi nimlete mama hapa, kuna runinga kubwa.

Nimempelekea dada ujumbe huo. Jibu: "Mimi, mtu mzima, nikamtazame Limi kwenye kibanda cha wahuni?"

Jumapili, 30 Juni

Dada aligoma wiki nzima, lakini leo baada ya ibada akasema mwenyewe, "Haya, washa."

Nikailaza tena juu ya pamba. Na picha ikaja! Limi huyo! Amevaa kofia ngumu yenye taa, nyuma yake giza, uso umejaa kioo chote. Akasema, "Mama, shikamoo. Usiogope..."

Akaganda. Mdomo wazi, macho nusu yamefumba, rangi imemtoka kama majivu. Sauti ikaendelea peke yake kidogo, "...chini kabisa, mbali na..." ikaanza kukatakata kama mtu anayezama. Feni ikalia, mashine ikawa ya moto kama kikaango, ikajizima.

Dada alikaa chini kwenye pamba.

"Amesema nisiogope," akasema. "Mtu hakwambii usiogope kama hakuna cha kuogopa. Na ule uso umeuona? Nimeosha maiti wengi mimi. Ule uso naujua."

"Dada, imepata joto tu."

"Mwanangu yuko hai?"

Mara ya kwanza kwa miaka mitatu amesema "mwanangu" bila kugeuza shingo. Nikamjibu yuko hai, aliandika barua. Akaniambia barua mtu anaweza kuandikiwa.

Nikapata wazo la kuipoza. Pamba ni kitu cha baridi, kila mtu anajua, basi nikaifukia laptopu ndani ya lundo, nikaacha kioo tu nje. Nilipowasha tena, Limi aliganda kabla hata ya kusema shikamoo.

Jumanne, 2 Julai

Asubuhi dada amepita na ndoo. Bila kuniangalia: "Imepoa?"

Nimesema bado.

Ijumaa, 5 Julai

"Imepoa?"

Bado.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Sikwenda popote. Limi amepiga simu.

"Mjomba, ameona?"

"Ameona nusu! Amelia kwa furaha, majirani wakaja wakidhani kuna harusi."

Akauliza polepole, "Amesema nije?"

Nimewahi kumdanganya hakimu wa mahakama ya mwanzo akanipa pole. Leo uongo mmoja tu ndio uliokuja. Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Nimekaa nje mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 10 Julai

Violeth amerudi kuchukua ungo. Dada amemwambia haupo. Ulikuwa umening'inia ukutani, tunautazama wote watatu.

Jumatatu, 15 Julai

"Imepoa, Makoye?"

"Imepoa, dada, lakini imegoma."

"Basi ipeleke kwa mtu anayejua," akasema. "Wewe hujui." Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 18 Julai

Nimefika Shinyanga mjini, duka la Mama Girish. Jina lake hasa ni Champaben. Mwanawe Girish anauza simu mbele, lakini fundi ni mama mwenyewe, kule nyuma, bibi wa miaka sitini na kitu mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye nywele. Amezaliwa hapa hapa, baba yake alikuwa mnunuzi wa pamba.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma safi kuliko cha watoto wetu.

"Mwangaluka, Mama Girish. Nimeleta hii, nimeshaitengeneza sehemu kubwa, imebaki kidogo tu."

"Asante kwa kunisaidia," akasema, akachukua bisibisi.

Akaifungua mgongo. Akachukua kibano, akaanza kuvuta kitu kutoka kwenye feni, akavuta, akavuta, kikatoka kitita cheupe cha kutosha tambi za taa tatu.

"Ulikuwa unaiweka wapi hii?"

"Mezani."

Akakiinua kile kitita mbele ya pua yangu. "Pamba ya mwaka huu hii. Bado ina mafuta ya mbegu. Bwana Makoye, hii ni laptopu au mto wa kulalia?"

Girish akacheka huko mbele. Nikasema ukweli, kwamba nyumba yetu msimu huu haina mahali pasipo pamba, kwamba niliitandikia khanga, na kwamba ilipochemka nikaifukia.

Hakunicheka. Akanionyesha matundu ya chini. "Pua yake ni hapa. Inavutia hewa chini, inatoa ubavuni. Wewe umembana mtu pua na mdomo, halafu unamwambia akimbie. Video ni mbio kwake. Anapata joto, anapunguza mwendo, picha inaganda. Akizidiwa anajizima asiungue. Ana akili kuliko sisi." Kisha akachomoa flashi, akaitazama. "Na hii ni ya pole pole mno. Usichezeshe video kutoka humu. Ninainakili ndani ya mashine, mcheze kutoka humo."

Alipomaliza akasema tujaribu. Nikamweleza kuhusu dada, kuhusu Agosti 12, kwamba mama yake Limi ndiye aione kwanza. Sijui kwa nini nilimweleza na kile kicheko changu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Geuka ukutani. Nitatazama mimi, bila sauti, nione kama inakwenda hadi mwisho."

Nikageukia ukuta wenye kalenda. Dakika zikapita. Sikusikia kitu. Nilipogeuka, Mama Girish alikuwa amevua miwani zote mbili.

"Inakwenda," akasema.

"Umeona nini?"

"Weka kwenye meza ngumu. Funga madirisha, upepo usilete pamba."

"Mama Girish, umeona nini?"

"Usimsimulie," akasema. "Mwonyeshe tu."

Sikuwa nimemwambia maneno ya ile barua.

Jumamosi, 20 Julai

Nitaandika kama ilivyokuwa. Siongezi.

Niliunga mguu wa meza, nikaiingiza ndani, nikafuta mbao kwa kitambaa cha maji. Madirisha yamefungwa. Dada amevaa gauni la Jumapili. Nikabonyeza.

"Mama, shikamoo. Usiogope, nipo salama. Nipo chini kabisa, mbali na jua, lakini hewa ipo. Nataka uone ninapofanya kazi."

Haikuganda. Anayeshika simu akarudi nyuma, nasi tukaona mahali penyewe. Mimi nilidhani chini ya ardhi ni tundu, mtu anaingia kama panya. Hapana. Ni barabara! Barabara ndani ya mwamba, pana kiasi cha mikokoteni miwili ya ng'ombe kupishana, inazunguka inateremka, na taa zimepangwa mpaka mbali zikawa ndogo kama mtama. Kuta zimefungwa wavu wa chuma. Maji yanadondoka kutoka juu. Nikawaza, juu ya hayo mawe kuna mashamba, kuna watu wanapika, kuna mbuzi, na hawajui.

Halafu likatokea lile gari. Siwezi kulipima. Tairi lake lilimzidi Limi kimo. Nikatafuta dereva, nikitarajia jitu fulani lenye mabega. Limi akalizunguka, akaligonga tairi kwa mkono kama unavyompapasa ng'ombe wako, akapanda ngazi, akakaa.

"Ni yeye?" dada akauliza.

"Ni yeye."

Likanguruma. Ile ngurumo tuliyodhani disko! Sanduku lake la mbele likaingia kwenye mawe, likanyanyuka limejaa. Wanaume wamejipanga kando, vizibao vinang'aa, mmoja anapunga taa: "Rudi! Rudi nyuma! Hapo hapo, dada! Mwaga!" Limi akageuza shingo, akalirudisha dude lile kwenye uchochoro ambao mimi baiskeli ningeikwaruza, akamwaga mawe kwenye lori bila kugusa ukuta. Limi akacheka, wanaume wakapiga makofi. "Dada Limi, leo umetukomesha!"

Dada hakucheka wala hakulia. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Kilichonimaliza ni hiki. Wale wanaume walitaka kupita. Watu wazima, wengine wana mvi. Wakasimama nyuma ya mstari, kimya, wanamtazama Limi. Mpaka yeye alipozima injini, akatazama juu, akatazama kushoto na kulia, akawasha taa yake mara mbili. Ndipo wakapita, mmoja mmoja, kila mmoja anainua mkono kumshukuru.

Miaka mitatu nimekuwa nikisema dhahabu inamkimbia mwanamke. Kumbe kule chini wanaume hawainui mguu mpaka mwanamke aseme.

Mwishoni akasogea karibu. "Mama, sasa tunazima taa zote, uone giza la huku."

Kioo kikawa cheusi. Nikaruka, nikidhani imeharibika tena, dada akanishika mkono akanikalisha. Tukakaa katika giza lile la Limi, tunasikia maji yanadondoka na yeye anapumua. Halafu taa moja, ya kichwani kwake, akaielekeza ukutani. Ukuta wote ukawaka. Nyota, nyota, nyota, kama anga la kiangazi limeingizwa ardhini.

"Siyo dhahabu, Mama," akasema. "Ni maji tu yanang'aa. Ila kila siku nikiyaona nakukumbuka."

Ikaisha.

Dada akatoka. Nikadhani amekwenda kulia. Akarudi na kata ya maji ya mtungini. Akasema, "Mrudishe pale mwanzo, uso wake ukiwa mkubwa." Nikamrudisha. Dada akapiga magoti mbele ya meza, akajaza maji mdomoni, kama mama yetu alivyokuwa akimbariki mtu anapotaka kusafiri mbali, na kabla sijaelewa akampulizia Limi usoni, pwaa, kioo chote.

"Dada! Umeme!"

"Nenda, ng'wanone," akamwambia mwanawe. "Nenda urudi."

Limi akajaa michirizi ya rangi, akapepesuka, akazimika. Nikachomoa waya, nikainua laptopu juu chini, maji yakatoka kwenye vitufe. Dada hata hakuitazama. Alinyoosha mkono.

"Nipe simu."

Ikaita mara moja tu.

"Limi. Ni mama yako." Akajifuta maji kidevuni. "Huko chini mnakula saa ngapi?"

Nilisikia sauti ya mtoto, siyo ya mtu anayeendesha lile dude. "Saa sita, Mama."

"Na maji ya kunywa yapo?"

"Yapo, Mama."

"Nimekupulizia maji ya safari. Lakini nimepulizia kioo, haitoshi. Njoo nikupulizie wewe."

Jumapili, 4 Agosti

Limi amefika. Kabla hajatua begi nilimwambia kile nilichokisema miaka mitatu iliyopita, na kile kicheko. Akasema, "Najua, Mjomba. Mama aliniambia siku ile ile," akaniamkia shikamoo ile ile ya siku zote. Nikaitikia marahaba, nikashika begi lake.

Violeth na majirani wamejaa uani, wananiomba niwasimulie alichoonyesha. Nimewaambia mwenyewe huyo hapo, mwulizeni.

Dada amechota maji. Limi amevua kilemba, amepiga magoti kwenye mchanga, na maji yamemwenda usoni hadi kifuani. Hakujifuta.